Mashine ya Gus na Sikio la Verlyn

Kipande cha mwisho huku kwetu hakiliwi. Sijui nani alianzisha, lakini shuka ukumbi wa chini wa kanisa letu baada ya ibada, kwenye kahawa, utakuta sinia la keki limebaki na kipande kimoja. Mmoja atakikata nusu, mwingine ataikata hiyo nusu, mpaka ibaki chembe ambayo hata panya angeona haya kuichukua. Ndiyo adabu ya Wisconsin ya kaskazini, na aliyeishika kuliko wote ni jirani yangu Verlyn Haugen, dereva mstaafu wa lori la maziwa.

Kwa hiyo Jumapili ile Verlyn alipokinyanyua kipande cha mwisho cha keki ya tufaha, kizima, akakila amesimama na kukisukuma kwa maji glasi baada ya glasi, mkewe Ardis aliweka kikombe chini taratibu.

"Mume wangu anaumwa," akaninong'oneza.

"Labda ana njaa tu."

"Njaa gani, na suruali inamvuka? Jirani, haya yote nimeshayaona. Ni yaleyale ya Gus."

Gus ni paka wao, dume la rangi ya chungwa, mnene wa kichwa. Mwaka juzi alianza kulamba bakuli la maji mpaka likauke, anakula na huku anakonda, na sanduku lake la mchanga wa kujisaidia likawa kinamasi. Daktari wa wanyama akasema ni kisukari. Tangu hapo, kila asubuhi Verlyn humpakata, Ardis humchoma ncha ya sikio, tone la damu linanyonywa na stripi ya kimashine chao cha kupimia sukari ya wanyama, wanasoma namba, ndipo paka apate chakula na sindano yake. Na Verlyn, mtu mkavu yule, humbembeleza: "Kidogo tu, mzee mwenzangu. Nani anakupenda? Hatukuchomi kwa kukuchukia."

Ila kumfikisha Verlyn mwenyewe hospitali lilikuwa jambo jingine. Hapa kwetu mtu akiangukiwa na paa la ghala, ukimuuliza hali atakujibu, "Siyo mbaya." Na Verlyn alikuwa na lake zaidi. Baba yake alikuwa na sukari. Ilimla mguu, na mguu ulipokwenda, ng'ombe nao wakauzwa. Neno kisukari Verlyn alilitamka kwa ajili ya paka tu.

Kesho yake nilipita kunywa kahawa nikawakuta jikoni hawaelewani.

"Siendi! Kuna wagonjwa wa kweli wanaosubiri pale."

"Unakunywa maji kama ng'ombe, Verlyn!"

"Hita inakausha koo."

"Na safari za chooni, hita pia?"

"Ardis! Kuna mgeni."

"Huyu siyo mgeni, ni jirani. Juzi amekuona nyuma ya banda, hukuwahi hata kufika ndani."

Nikaitazama kahawa yangu kwa makini sana.

Ardis akavuta kimashine cha Gus. "Basi nikupime kwa hiki. Ukimzidi paka, unakwenda leo. Paka akikuzidi, sitasema tena."

Verlyn akapiga hesabu zake. Asubuhi ile Gus alikuwa na mia moja na themanini. "Haya. Jirani, wewe shahidi."

Ardis akakiwasha, akasita. "Kinauliza paka au mbwa."

"Na mtu?"

"Mtu hayumo."

"Weka mbwa. Mimi mtu mwaminifu."

"Mbwa akiitwa anakuja. Nakuweka paka."

Akatoa kwenye maikrowevu soksi iliyojazwa mchele, ya moto, akambandika sikioni.

"Unafanya nini, mwanamke?"

"Napasha sikio, damu itoke vizuri."

"Nina vidole kumi!"

Lakini mkono ukishazoea umezoea. Alishamchoma. Verlyn akaruka, Gus akakimbilia chini ya jiko, na kimashine kikaandika mia nne na thelathini.

Verlyn akakohoa. "Mashine ya paka. Itajua nini kuhusu damu ya Mnorwei kama mimi?"

Ardis akampigia Trudi, msaidizi wa daktari wa wanyama, akaweka spika.

"Ardis, hiyo haikutengenezwa kwa watu," Trudi akasema. "Sukari kwenye damu ya paka haikai kama kwenye ya mtu. Hiyo namba usiiamini."

Verlyn akapiga meza. "Umesikia? Usiiamini!"

"Sijamaliza, Verlyn. Sikusema wewe ni mzima. Nimesema bado hamjui. Mtu ana kiu namna hiyo na anakonda, apimwe kwa mashine ya watu leo hii, siyo kesho. Na wewe Ardis, usithubutu kumchoma insulini ya Gus."

"Wala haikunijia," akajibu Ardis, akiondoa macho kwenye friji ilimokaa insulini.

Simu ikakatwa. Verlyn akakunja mikono. "Theluji ikipungua, labda wiki ijayo..."

Nilidhani Ardis atawaka. Hakuwaka. Alisogeza kiti, akakivuta kile kichwa chenye mvi kifuani kwake, kidole gumba kikiwa juu ya lile sikio lililochomwa.

"Kidogo tu, mzee wangu," akasema. "Nani anakupenda? Hatukuchomi kwa kukuchukia."

Ningetoka, ila mlango ulikuwa nyuma yao.

Verlyn akaitazama miguu yake. "Baba, madaktari walimkata kwanza kidole tu cha mguu," akasema.

"Najua."

"Halafu wakaja gotini."

"Najua, Verlyn. Baba alikwenda hospitali kidole kimeshakuwa cheusi. Wewe una sikio tu."

Akainuka, akavaa kofia yake ya masikio, akauliza funguo za gari ziko wapi.

Kidole chake hospitali kilisoma chini ya ile namba ya mashine ya Gus, lakini bado juu, juu ya kutosha kulazwa na kutundikiwa maji. Nesi alipouliza damu iliyokauka sikioni imetoka wapi, Ardis alimjibu, "Amejikata akinyoa."

Sasa dirishani kwao zimekaa mashine mbili, ya Gus na ya Verlyn, na asubuhi wanachomwa kwa zamu. Paka hukaa kwenye mapaja kumwangalia mwenzake akichomwa, na nahisi hufurahi. Miguu ya Verlyn yote miwili ipo, na Ardis huikagua vidole kimoja kimoja, naye analalamika anatekenywa.

Jumapili iliyopita sinia lilimfikia likiwa na kipande kimoja. Alikitazama kwa muda mrefu. Akachukua kisu, akakikata nusu, akaikata ile nusu, akaikata tena, akala chembe.

"Ikoje?" nikamuuliza.

"Siyo mbaya," akasema. Ardis akapita nyuma yake na birika la kahawa, akamvuta sikio.