Elfu Moja ya Mama Mkubwa

Siku zile ni mimi peke yangu niliyejua kompyuta katika kikundi chetu cha wakulima wa chai, hapa Bulyaga, na kiburi nilikuwa nacho cha kunitosha na cha kugawia jirani.

Kikundi kina desturi. Msimu ukiisha, aliyefikisha kilo elfu moja za majani mabichi huitwa mbele, huvishwa kitenge, hupigiwa vigelegele. Mama mkubwa wangu hakuwahi kuitwa. Msimu ule alichuma hata kwenye mvua isiyokatika, na kila kipimo cha mzani alikikariri kichwani. Katibu alijumlisha kwenye daftari, akanunua vitenge saba. Programu niliyoiandika kujumlisha vipimo vilevile ikatoa majina sita.

"Daftari limekosea," nikasema.

Mama mkubwa akanijia na karatasi niliyoichapisha. Kidole chake, cheusi kwa utomvu wa chai, kikagusa mstari wake: 1000.0, na pembeni, "hajafika".

"Mwanangu, elfu moja si elfu moja?"

"Kompyuta haikosei, mama."

Akaikunja karatasi, akasema "ndaga", asante yetu, kana kwamba nimempa kitu. Siku ya sherehe alikaa nyuma akiwapigia wenzake vigelegele. Kitenge kilichobaki nikapewa mimi, shukrani kwa programu. Nilikipokea bila aibu.

Miaka miwili baadaye, nikitafuta kosa jingine kabisa, ndipo nikaliona lile. Kompyuta haiwezi kuishika sehemu ya kumi ya kilo kwa ukamilifu. Huipunguza au kuizidisha kidogo mno, na ukijumlisha vipimo vingi, tofauti hizo ndogo hukusanyika. Ndani, jumla ya mama mkubwa ilikuwa 999.9999999. Wakati wa kuchapisha ikakadiriwa kuwa elfu. Lakini programu ilipoipima jumla ile kama imefika elfu, ikajibu haijafika. Ningehesabu kwa gramu, namba nzima, kusingekuwa na kesi. Ni kosa la mwanafunzi, nami nilijiita mtaalamu. Linaniuma mpaka leo.

Nikampelekea kitenge kile nilichopewa. Nilimkuta ameng'oa chai yote, amepanda miparachichi, anapalilia. Nikaeleza, nikaomba radhi. Hakuacha jembe.

"Mimi nilijua nimefika," alisema. "Hicho kampe mkeo. Vitenge ninavyo, mwanangu. Nilikuwa nataka vigelegele."