Nilipowaendesha Wawelisi wa Doha

Siku yangu ya kwanza kazini Doha sikugusa usukani. Nilipewa kitambaa na ndoo. Nilikuwa nimetoka Taita na miaka mingi ya kuendesha malori, nimevaa shati jipya, kifua mbele, nikidhani nitakabidhiwa funguo za basi kwa heshima zote. Mudir, ndivyo tulivyomwita meneja wa usafiri, alinitazama kutoka viatu hadi kofia. "Dereva asiyeosha basi lake hajui lina jeraha wapi," akasema. "Yalla, osha." Nikaosha, huku nikimtukana kwa Kitaita, kimoyomoyo. Yadi yetu ilikuwa Sanaiya, eneo la viwanda na kambi za wafanyakazi, na vumbi la huko halina adabu: unaosha upande huu, upande ule unachafuka.

Nyinyi vijana mnaokwenda sasa mnapata mabasi yanayokupigia kengele ukisinzia. Sisi tuliyasikiliza kwa masikio. Asubuhi unalizunguka basi zima ukigonga magurudumu kwa kirungu. Gurudumu lenye upepo wa kutosha hujibu kwa mlio, lililolegea husema pu, basi. Kisha unainama kufungua koki za matanki ya breki za upepo ili utoe maji yaliyojikusanya, maana maji hayo yakikaa breki zinakuwa na uvivu. Mwisho unalipoza. Kulipoza ni kuwasha kiyoyozi mapema, kabla abiria hawajafika, kwa sababu kiti kilichoachwa juani Doha kinakuchoma hata kupitia suruali. Nimeona mtu mzima akiruka kama mtoto.

Nilianza na mabasi ya kambi, chini ya msimamizi mmoja Mnepali mpole aliyehesabu watu kwa kuwagusa bega. Hao ndio waliokuwa abiria wangu bora. Walipanda wamechoka, wakalala, wakashuka. Baadaye nikahamishiwa mabasi ya shule. Huko bosi wangu alikuwa mama wa Kisudani, msimamizi wa zamu, na neno lake lilikuwa moja: "Pole pole, hao ni watoto, si saruji." Nilipomaliza huko bila hata mkwaruzo, Mudir akaniita ofisini akaniambia nimepanda cheo. Nitaendesha basi la kukodi, lile refu lenye vioo vyeusi.

"Sikiliza, Mwadime," akasema. "Basi la kukodi lina sheria. Dereva hali na mteja, hapigi soga na mteja, haimbi na mteja. Wewe ni sehemu ya gari. Usukani unaimba?"

"Hauimbi, Mudir."

"Khalas," akasema, yaani mazungumzo yameisha.

Wateja wangu wa kwanza walikuwa chama cha Wawelisi, watu wa nchi ndogo inayopakana na ya Waingereza. Karani alikuwa amenichapia karatasi ya kubandika kioo cha mbele, imeandikwa "Waingereza." Nikafika nayo hadi Al Thumama, alikokuwa akikaa katibu wao, mwalimu mmoja anayeitwa Madam Menna, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Alisimama mbele ya basi akaisoma ile karatasi. Nilidhani anakagua leseni. Akapanda ngazi, akaibandua, akaikunja vizuri na kunirudishia.

"Sisi si Waingereza," akasema. "Sisi ni Wawelisi. Tuna nchi yetu, lugha yetu na milima yetu."

Nilimwelewa papo hapo. Mimi nimeitwa Mkamba na watu wa Nairobi maisha yangu yote. Nikamwambia, "Samahani, Madam, hata sisi tuna milima yetu na tunasahauliwa." Akacheka, na tangu siku hiyo kila walipokodi basi aliomba aletewe Mwadime.

Niliwaendesha miaka mingi, na sijaona watu wa kujipa shughuli kama wale. Wakati wa baridi ya Doha walikwenda matembezi ya jangwani, wakakikwea kijilima cha mawe ambapo kwetu Taita ungefungia mbuzi tu, wakafika juu wakapiga picha kama wamefika mwezini. Siku za raga nilikuwa nikiwapitia Fereej Bin Mahmoud na mitaa mingine, wote wamevaa nyekundu, nikawapeleka hotelini kutazama mechi. Kwenda walikuwa wanapiga kelele. Kurudi, ukimya ndani ya basi ulinieleza matokeo. Mwezi wa tatu walifanya karamu ya mtakatifu wao. Hapo ungewaona watu wazima, wahandisi na madaktari, wamevaa suti na vitunguu vya majani, alama ya taifa lao, vimebandikwa kifuani. Vitunguu, nawaambia! Basi langu lilinuka jiko mpaka kesho yake.

Lakini zaidi ya yote waliimba. Kiongozi wa kwaya alikuwa Bwana Hywel, mhandisi wa maji, mzee mrefu mwenye nyusi nene, aliyeongoza kwa kidole kimoja tu. Waliimba wakipanda, waliimba kwenye taa nyekundu. Tena walikuwa na mazoea yao ya ajabu: wimbo ukifika mwisho, hauishi. Wanarudia ule ubeti wa mwisho kwa nguvu zaidi, halafu labda wanaurudia tena. Mazoea hayo yana jina lake kwa Kiwelisi ambalo ulimi wangu ulikataa. Mara ngapi nimefungua mlango nikidhani wamemaliza, kumbe ndio kwanza wanachemka, nikaufunga tena ili joto lisiingie.

Na siku moja, tukiwa barabara ya kaskazini, wakaanza tuni iliyonisimamisha nywele. Ilikuwa tuni ya kanisani kwetu Wundanyi, ile tunayoimba kwa Kiswahili mazishini na kwenye shukrani. Mimi tangu utoto nilidhani ni wimbo wa Kitaita! Tuliposimama nikamwambia Bwana Hywel kwamba wimbo ule ni wetu. Akainua nyusi akasema hapana, ulitungwa kwao, na wachimba makaa waliuimba. Sikubishana, mteja ni mteja. Ila nilirudi nyumbani siku hiyo nikiuimba bafuni, sauti ya chini, kwa kuwa hiyo ndiyo sauti yangu. Ndani ya basi sikufungua mdomo. Sheria ni sheria.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Mdogo wangu Mwakio alinipigia simu siku ya Jumatatu. Hakusema habari yako. Alisema, "Kaka, mama ametuacha." Nilikuwa nimesimama yadini na kirungu mkononi, na kwa muda nikaendelea kugonga magurudumu, maana mikono haikuwa imesikia habari. Mimi ndiye kifungua mimba. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Baba nilimzika kwa mikono hii. Mama aliniambia siku naondoka, "Nenda, lakini utarudi kunilaza." Alisema kwa utani, nami nikaitika kwa utani.

Mudir hakunikatalia, na nataka hilo lijulikane. Alisimama, akanipa mkono, akasema niende. Kilichonifunga ni kitambulisho cha ukaazi. Kilikuwa kimeisha na kilikuwa kinafanywa upya, na mandubu, yule jamaa wa kampuni anayehangaika na ofisi za serikali, akasema mambo hayatakamilika kabla ya Jumapili. Ningetoka bila hicho, kurudi kungekuwa bahati nasibu. Nikampigia Mwakio nikamsihi wanisubiri.

"Kaka, wazee wameshasema Ijumaa," akajibu. "Kaburi litachimbwa asubuhi, na unajua haliachwi wazi likalala. Nitakupigia simu ya picha. Utaona."

Utaona! Nilikaa kitandani nikalia kwa hasira. Mwana wa kwanza anamzika mama yake kwa kutazama, kama mtu anayetazama mechi.

Mudir alinipa ruhusa ya kupumzika Ijumaa ile. Nikakataa. Kulala Sanaiya nikiangalia dari ningepasuka. Wawelisi walikuwa wamekodi basi kwenda pikiniki ya familia karibu na ngome ya zamani kule kaskazini, basi nikaliosha, nikalipoza, nikaenda. Tulipofika nilimwendea Madam Menna kabla hajafungua vikapu.

"Madam, saa sita nitakaa kando na simu kidogo. Nakuomba radhi. Wanamzika mama yangu."

Alibaki na kitambaa cha meza mkononi. "Leo?"

"Leo."

"Na wewe uko hapa unatuendesha sisi?"

Aliondoka haraka, nikamwona akizungumza na Bwana Hywel, na mzee yule akaja kwangu akiwa amevua kofia, jua lote lile.

"Bwana Mwadime," akasema, "kwetu mtu hateremshwi kaburini kimya. Wangetuchukia huko nyumbani wakisikia tulikuwa hapa na hatukuimba. Utaturuhusu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na wewe unaimba sauti gani?"

"Ya chini. Lakini dereva haruhusiwi kuimba na wateja."

Akaangalia angani kidogo. "Basi leo sisi si wateja wako."

Nje kulikuwa na upepo, simu isingesikia kitu, kwa hiyo wote wakapanda basi, wakubwa kwa watoto, wakasimama mpaka kwenye ngazi. Nilikaa kwenye kiti changu, simu kwenye kishikio chake pale mbele. Saa za Doha na za Kenya ni sawasawa. Mwakio alipiga saa ileile. Nikaliona kaburi, nikaona jeneza, nikamwona shangazi yangu Wakesho kwenye kiti cha plastiki, nikamsikia mchungaji. Nikamweleza Mwakio kwamba nina watu wanaotaka kuimba, naye akaiweka simu karibu na kipaza sauti cha kanisa.

Tulivuruga mwanzoni. Kule walianza, huku tukaanza, na mtandao unachelewesha sauti. Ikawa kama watu wawili wanaogombania mlango. "Kaka, mnaimba nyuma yetu!" Mwakio akapiga kelele. Mchungaji akainua mkono akasema, "Tunyamaze. Waimbe wao kwanza."

Kijiji kizima kikanyamaza. Bwana Hywel akainua kidole chake, na Wawelisi wakaimba ile tuni, kwa Kiwelisi, sauti zote nne, ndani ya basi langu. Nilijaribu kuwa sehemu ya gari. Nawaambia ukweli, nilijaribu. Kufikia ubeti wa pili mdomo wangu ulikuwa wazi na ninaimba kwa Kiswahili, machozi yakiingia mdomoni.

Ubeti wa mwisho ukaisha. Kule Taita mchungaji akasema "Amina," vijana wakashika sepetu, jeneza likaanza kushushwa. Loo! Nilikuwa nimesahau kuwaonya. Wawelisi wakavuta pumzi wakaurudia ubeti ule kwa nguvu maradufu. Sepetu moja ikaanguka. Walioshika kamba wakaduwaa, jeneza likining'inia, mzee mmoja akaitoa tena kofia aliyokuwa ameshaivaa. Ukaisha, mchungaji akafungua mdomo, na wakaurudia tena! Safari hii watu wa kwetu hawakungoja. Waliingia kwa Kiswahili, wakiwa nyuma, hawakujali, na mama akashushwa chini kwa lugha mbili zilizokuwa zinakimbizana. Mama angecheka. Mimi mwenyewe nilicheka, hapohapo ninalia, na sioni haya kulisema.

"Kaka, natupa udongo kwa niaba yako," Mwakio akasema.

"Tupa," nikasema.

Madam Menna alikata simu kwa kidole chake kwa sababu mimi sikuweza. Alinipa chai na mikate yao midogo ya zabibu inayookwa juu ya bati, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kucheza mpira kabla sijamaliza.

Kesho yake Mudir aliniita. "Nasikia uliimba na wateja."

"Niliimba, Mudir."

Akazungushazungusha kalamu yake. "Alikuwa anaitwa nani mama yako?" Nikamtajia jina. Akamwombea rehema kwa Kiarabu, taratibu, akilitaja jina lile vizuri kabisa. Halafu akasema, "Yalla, nenda ukaoshe basi." Hatukuzungumza tena jambo hilo hadi nilipostaafu.

Siku hizi niko nyumbani Wundanyi, magoti yananiuma, na gari ninaloliendesha ni toroli ya samadi. Vijana wanaosubiri viza huja kuniuliza habari za Doha. Nawaambia watoe maji kwenye matanki ya breki, wasidanganywe na barabara iliyonyooka, wamheshimu mwosha magari. Wananiitikia tu. Lakini wakishanyanyuka kuondoka, mmoja hubaki nyuma akaniuliza polepole, "Mzee, na mtu akifa huku nyumbani?"

Siwadanganyi. Siwaambii kwamba na wao watapata Wawelisi wao. Wenzangu wengi walizika wazazi wao kwa simu, wakiwa wamejifunika blanketi, ili wenzao wa chumbani wasiwasikie. Ninachowapa ni yaliyonipata nilipopata likizo baada ya mazishi yale. Nilikwenda moja kwa moja kwa Shangazi Wakesho, nikapiga magoti mlangoni, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa sababu sikuwepo.

Shangazi akasonya. "Nani amekudanganya kwamba hukuwepo? Wale wazungu wako waliimba juu huko, wanapaa. Wewe ulikuwa chini. Sauti yako nisiijue mimi niliyekubeba? Nilimwinamia mama yako pale kaburini nikamwambia, 'Umemsikia mwanao? Haya. Lala sasa.'"