Goli Lazima Liwe na Jina

Mji wetu wa Saint-Ormel una mpima macho mmoja tu, naye haoni mbali. Kila mtu analijua hilo isipokuwa yeye. Régis Dutilloy amewavisha miwani watu wote wa hapa, kuanzia meya hadi padri, lakini miwani yake mwenyewe hukaa ndani ya kitambaa, ndani ya kasha, ndani ya mfuko wa koti, kama hirizi. Akiivaa, anasema, anafanana na shemeji yake. Shemeji mwenyewe ni msoma mita za maji, mtu asiye na kosa lolote duniani zaidi ya mfanano huo.

Haya yangebaki mambo ya dukani kama Régis asingekuwa pia sauti ya uwanja. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti cha Avenir, klabu yetu, ambayo jina lake maana yake ni siku zijazo, na ambayo ilichukua kombe lake la mwisho wakati babu yangu bado ana nywele. Kazi ni nyepesi. Goli likifungwa, Régis anaita jina la kwanza la mfungaji, na uwanja mzima unajibu jina la ukoo. Mara tatu. Yeye: "Ludovic!" Sisi: "Hennebert!" Basi, tunaendelea na chipsi zetu.

Karibu viwanja vyote vya Ufaransa hufanya hivyo, ila wenzetu wakitoka getini huacha. Sisi tumeshindwa. Meya akifungisha ndoa na kusoma "Jean-Noël," ukumbi unammalizia kabla hajageuza karatasi. Mwaka juzi, kwenye mazishi ya mzee mmoja, padri alisema kwa upole, "Tumwombee ndugu yetu Achille," na benchi za nyuma zikanguruma: "Pruvot!" Mjane alicheka mpaka akalazimika kujifanya analia.

Ndipo Avenir, kwa bahati ambayo hata makocha hawakuweza kuieleza, ikapanda Ligi Kuu baada ya miaka thelathini na moja.

Mimi nilifundisha historia hapa mpaka nilipostaafu, na hukaa safu moja nyuma ya meza ya Régis, kwa hiyo msimu ule niliuona na kuusikia wote. Wachezaji tuliopanda nao waliuzwa Julai. Badala yao walikuja vijana wa mkopo kumi na watatu, wote warefu, wote wamenyoa pembeni na kuacha kichaka juu. Kutoka kikosi cha zamani alibaki nahodha tu, Ludovic Hennebert, beki aliyezaliwa mitaa miwili kutoka duka la miwani. Katika daraja la pili Régis aliwatambua wachezaji kwa mwendo na kwa vitambi. Sasa hakuna kitambi hata kimoja. Ikabidi mkewe Mauricette akae kando yake na darubini, amnong'oneze.

Mwezi Septemba Mauricette alikwenda kununua chipsi, na dakika hiyohiyo tukafunga. Régis akasimama, akavuta pumzi, akaita: "Corentin!" Watu elfu kumi na nne wakajibu: "Lesaffre!" Mara tatu, kwa mapenzi makubwa. Corentin Lesaffre alikuwa ameuzwa Ubelgiji tangu Julai.

"Nimeondoka dakika nne," Mauricette alisema aliporudi.

"Alifanana naye."

"Corentin nywele zake nyekundu kama karoti, wewe mwanaume. Huyu ni mweusi."

"Nilimwona mgongo."

"Weka miwani."

"Nani anajibu vibaya hapa, mimi au wao? Wamejibu wote, umesikia mwenyewe."

Hapo alikuwa na hoja. Sisi ukitupa jina la kwanza tunajibu. Hatuulizi.

Kufikia Krismasi Avenir ilikuwa na magoli tisa, na manne kati ya hayo tulifungiwa na wapinzani waliojifunga wenyewe. Kwa hesabu hiyo, mshambuliaji wetu bora alikuwa beki wa timu yoyote iliyokuja kututembelea. Goli la kujifunga halina desturi; watangazaji wengine hunyamaza na kupiga muziki. Régis alikataa. "Goli lazima liwe na jina," alisema, na beki wa kwanza alipousukumia mpira wavuni kwake, akamwita kwa heshima zote: "Gwénaël!" Tulisita nusu sekunde, tukasoma ubao, tukajibu: "Kerbrat!" Kijana wa watu alikuwa bado amelala chini. Alidhani mbingu ndiyo inayomwita.

Desturi ikaota mizizi. Mjukuu wangu aliandika shuleni kwamba mchezaji anayempenda ni Kerbrat. Barua zikaja kutoka vilabu vingine, zikisema tunawadhalilisha wachezaji wao. Zilifika mezani kwa Tanguy Brémontel.

Tanguy alikuwa ameletwa kutoka Paris pamoja na Ligi Kuu. Cheo chake, sikitungi, kilikuwa Mkurugenzi wa Hisia za Mashabiki. Alivaa raba nyeupe ambazo matope ya kwetu yalizionea huruma, na alituzoeza kupiga makofi pale skrini inapotuambia. Mwezi Februari alimwita Régis ofisini. Mazungumzo yale Régis alitusimulia kwenye baa ya Josette, akiigiza sauti zote mbili.

"Mzee Régis, karibu ukae. Kwanza ujue tunakupenda sana."

"Basi ni msiba. Sema."

"Klabu imeingia zama mpya. Sauti yako ina... ina udongo ndani yake."

"Udongo?"

"Kwa uzuri, mzee, kwa uzuri! Lakini msimu ujao kipaza sauti atashika binti mmoja wa redioni. Ana wafuasi laki tatu."

"Wafuasi? Ni nabii?"

Baa ilicheka, Régis akainywa bia yake kama mtu aliyeshinda. Kisha akabandika mezani pake uwanjani karatasi aliyopewa, yenye amri mbili kwa wino mwekundu: wanaojifunga hawatajwi, na mtangazaji avae miwani.

Nusu ya pili ya mazungumzo hakuisimulia baa. Nilipewa na Mauricette, jikoni kwake, juu ya mkate wa jibini la Maroilles, ambalo harufu yake humfanya mtu aseme ukweli haraka ili aondoke.

"Akamwuliza, je, tukishuka daraja?"

"Tanguy akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, tukishuka, mzee, hata mimi hutaniona. Binti hatakuja kutangaza mechi za matopeni. Utabaki wewe na kipaza chako."

Mwalimu wa historia huelewa mambo haya upesi. Mji mzima wa watu elfu thelathini ulikuwa unaomba Avenir ibaki Ligi Kuu. Mtu mmoja tu alihitaji ishuke, na ndiye tuliyempa kipaza sauti atushangilishe.

"Ni mtu mwaminifu," nilisema.

"Mwaminifu, ndiyo," alisema Mauricette, akiukata mkate. "Ila hajawahi kutongozwa na shetani mwenye ratiba ya mechi mkononi."

Kuanzia hapo nilimtazama Régis kuliko nilivyoutazama mpira, na sikupoteza kitu. Machi tulifungwa mechi nne mfululizo. Mji ulitembea umeinamisha kichwa. Régis alikuwa na rangi nzuri, aliongeza mapazia mapya dukani, na alimpima macho padri bure. Aprili, bila kumwonya mtu, timu ikaanza kucheza. Tuliwafunga hata wale wakubwa wa Kusini, moja bila, na Josette akamwaga bia kaunta nzima kwa furaha. Jumatatu yake nilipita dukani.

"Mbona umepauka?" Mauricette alikuwa anamwuliza. "Una homa?"

"Tumeshinda," alijibu Régis.

"Ndiyo maana nauliza."

Sitaki mtu aseme alitufanyia hila. Kila tuliposhinda aliita majina kwa sauti ileile, mara tatu, bila kubana. Ila tulipopata kona, niliona mkono wake mmoja ukishika kipaza na wa pili umepishanisha vidole viwili vya kuombea bahati nyuma ya mgongo, na sikuthubutu kuuliza ni bahati ya nani.

Ikafika mechi ya mwisho, Jumamosi ya Mei, nyumbani. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa viongozi wetu: sare ingetosha. Wageni, timu ya kandokando ya bahari, hawakuwa na la kupata wala la kupoteza, walikuja kama watu wanaokuja kurudisha sahani. Tulichohitaji ni dakika tisini za kutotokea chochote, na katika hilo Avenir ilikuwa na uzoefu mkubwa.

Tanguy alikuja mwenyewe kusimama nyuma ya meza. "Miwani, mzee."

Régis akajifanya hasikii. Mauricette akatoa kasha mfukoni mwa koti la mumewe, akafungua kitambaa, akampachika miwani puani mbele ya watu wote. Kwa kweli alifanana na shemeji yake. Akautazama uwanja, mara ya kwanza msimu mzima.

"Hawa ndio wao?" aliuliza.

"Ndio wao," alisema Mauricette.

"Wote?"

"Wote kumi na moja."

"Mama yangu." Akakaa.

Dakika zilikwenda vizuri, yaani hazikuwa na kitu. Kipa wetu alijiangusha kila alipopata nafasi. Dakika ya themanini watu walianza kupiga miluzi kumkumbusha refa kwamba ana saa. Binti wa redioni tayari alikuwa kwenye jukwaa la waalikwa, amevaa skafu yetu ya zambarau, akijipiga picha. Régis alimwona. Sasa alikuwa anaona kila kitu.

Dakika ya themanini na tisa mpira mrefu uliingia eneo letu. Hakuna mpinzani aliyeufuata. Mmoja alikuwa anafunga kamba za kiatu. Hennebert, nahodha, mwenyeji, aliamua kumrudishia kipa kwa kichwa. Kichwa kilikuwa kizuri sana. Kipa alikuwa amelala upande wa pili, akipoteza muda.

Mpira ulipoingia wavuni kwetu, tulisikia mafuta ya chipsi yakichemka.

Nilimtazama Régis. Aliitazama karatasi ya wino mwekundu. Akatazama nyavu, akatazama jukwaa la waalikwa, akaivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akasimama.

"Goliii! Dakika ya themanini na tisa! Limefungwa na namba nne, nahodha wetu... LUDOVIC!"

"HENNEBERT!" tulijibu, watu elfu kumi na nne, mikono juu. Mimi pia. Nina shahada mbili.

"LUDOVIC!"

"Hennebert...?" walijibu nusu, wengine wakiwa wameshaanza kuuelewa ubao.

"Zima!" Tanguy alikuwa anapiga kelele, anautafuta waya chini ya meza. "Zima hicho kitu, mzee!"

"LUDOVIC!"

Safari hii alijibiwa na mashabiki mia mbili wa wageni, kwenye kona yao. Waliipenda desturi yetu. Walijibu kwa shukrani, taratibu, kila silabi mahali pake. Kule chini Hennebert alikuwa kifudifudi kwenye nyasi, na mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka juu, kama alivyozoea kuunyoosha kila anapoitwa.

Tukashuka.

Wiki nzima baa ya Josette haikujadili kingine: macho au moyo? Waliosema macho walikuwa wengi. Walimsamehe haraka, maana mpima macho asiyeona ni mzaha wa mji, na mzaha wa mji haufukuzwi. Régis mwenyewe aliwaunga mkono. "Niliona zambarau inaruka, na nyavu zinatikisika," alisema. "Nikajua ni letu. Upande sikuuona."

"Lakini ulikuwa na miwani," mtu mmoja alisema.

"Ni ya zamani. Namba zimebadilika."

Nilikwenda kwa Mauricette. Alikuwa anasafisha vioo dukani. "Ile miwani ni ya zamani?" niliuliza.

"Nilimtengenezea mwenyewe Aprili," alisema, bila kugeuka. "Na usiniulize la pili, Mwalimu. Unataka miwani au umekuja kupiga porojo?"

Nilinunua miwani. Duka ni moja.

Tanguy aliondoka Juni na raba zake. Binti hakuja. Mechi ya kwanza ya daraja la pili tulikuwa watu elfu nne na mvua, dhidi ya timu ambayo basi lake lilipotea njia. Watu walikuwa wameapa baani kwamba Régis akiita, hatajibiwa; ataita peke yake mpaka achoke. Mauricette alikuwa amehamia jukwaa la pili na hakumwachia mumewe darubini. Dakika ya sita Hennebert alifunga kwa kichwa, kichwa kilekile, safari hii kwenye lango linalotakiwa.

Régis alisimama, na miwani puani. Alisubiri. Nadhani aliogopa, kipaza kilituletea pumzi yake.

"Ludovic," alisema. Hakuita, alisema tu.

Nilikaza meno kwa heshima ya kiapo. Nilikaza sekunde moja nzima.

"HENNEBERT!"

Kwa sasa anavaa miwani kila mechi. Anasema mpira wa siku hizi umeshuka kiwango, zamani wachezaji walikuwa bora zaidi.