Nyundo za Mzee Kornel

Wageni kutoka mjini wakiziona nyundo, mundu na koleo kuukuu zilizotundikwa ukutani kwa Mzee Kornel, kule Uru, humsifu: "Mzee, una hobi nzuri!" Naye huwaka. "Hobi ni kitu unachoweza kukiacha!"

Yeye ni kitinda mimba wa mhunzi wa mwisho katika ukoo wao. Alirithi kihamba cha migomba na kahawa, akarithi na chuma. Wazee wa huko walikuwa wakilaani kwa nyundo ya mhunzi, na mpaka leo hakuna anayethubutu kuitupa wala kuiuza kama chuma chakavu. Mtu ikimtisha nyumbani, huipeleka kwa Kornel. Kornel huuliza aliyeifua, kisha huitundika pamoja na za fundi huyohuyo. Kila jina alilolijua likawa msumari mwingine wa kumkongomea pale.

Mwaka huu magoti yaligoma, binti yake Evelyn akamwita Arusha. Jumapili akaaga jumuiya. Jumatatu asubuhi akafunga mlango kwa kufuli, akabeba begi.

Getini alimkuta jirani yake Redempta, ameshika kitu kizito kilichofungwa kwenye khanga.

"Shikamoo, baba. Nimesikia unaondoka, nikasema niwahi."

"Sipokei tena! Nimesema sipokei!"

Redempta alisogea pembeni tu, na Kornel akaiona njia yote ya migombani: watu wamepanga foleni, kila mmoja na furushi kwapani.

Akaweka begi chini, akapapasa ufunguo mfukoni.

"Hiyo yako," akamuuliza Redempta, "aliifua nani?"