Kuni Katika Nyumba ya Gesi

Nyumba yangu iko pembeni mwa mji wa Wote, pale lami inapoishia na vumbi linapoanza. Nikiulizwa ninakoishi hujibu "Wote" kwa sauti ya mtu wa mjini, na sisemi neno kuhusu mbuzi wanaokuja kula maua yangu kila asubuhi. Napapenda pale. Naanza na hilo ili nikianza kulalamika nisieleweke vibaya.

Malalamiko yangu ya kwanza ni maji. Kisima chetu kina chumvi, chai ukiipika kwa papara maziwa yanakatika, na maharagwe hukaa motoni mpaka mpishi akate tamaa. La pili ni joto. La tatu ni majirani, na hapa najitia mwenyewe ndani. Watu wa mtaa wetu tunajuana kwa mageti. Kuna yule wa geti jeusi, kuna yule wa geti lenye vichwa vya simba, na mimi ni yule wa geti lenye maua ya chuma. Maua hayo nilimchorea fundi kwa mkono wangu, na hadi leo nikirudi jioni huyatazama kwanza kabla sijapiga honi. Mke wangu hunicheka kwa sababu hiyo.

Mama yangu aliletwa kwangu kutoka Nunguni, kule milimani kwenye ukungu na kabichi. Aliteleza shambani kwake asubuhi moja, goti likamgeuka, akalala kwenye matope bila wa kumwita. Jirani yake aliona jua limepanda na jikoni kwa mama hakutoki moshi. Akaja mbio, akamkuta, akaita wenzake wakambeba. Mimi nilipigiwa simu baadaye nikiwa kazini, nikaacha kazi mezani na kuwasha gari. Siku hiyo niliapa kwamba mama hatalala peke yake tena. Wote kuna hospitali kubwa, si mbali na kwangu. Kuna stima, choo kiko ndani ya nyumba, na njia ya kwenda bafuni haina matope. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamekwisha.

Mwaitu, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alishuka garini akiegemea bega langu. Akalitazama geti langu kutoka juu hadi chini. Tulizungumza Kikamba, kama kawaida yetu.

"Hili ni la kumzuia nani?"

"Wezi, Mwaitu."

"Na wageni hupita wapi?"

"Wageni hupiga simu kwanza."

Akaguna, akaingia. Jioni hiyo alionja chai yangu, akaweka kikombe chini, akauliza kama hiyo ni chai au ni supu. Kisha akanipa masharti yake. Atakaa hadi mbaazi zake zikauke, halafu atarudi kwake. Binamu yangu ndiye aliyekuwa akimtunzia shamba.

"Na ukianguka tena kule?"

"Nikianguka kule nitaokotwa. Aliyeniokota si hospitali, ni jirani. Hapa nikianguka, nani ataona kwamba hakuna moshi? Nyumba yenu haina moshi hata siku mkiwa wazima."

"Mimi nipo. Mke wangu yupo."

"Nyinyi hutoka asubuhi mkarudi jioni. Tena nyinyi ni watoto wangu, hiyo ni kazi yenu. Mimi nauliza, nani mwingine?"

Nilijifanya kuna mtu ananipigia simu, nikatoka nje.

Basi tukaanza kuishi hivyo, mimi nikiombea mbaazi za Nunguni zichelewe, jambo ambalo mtoto wa mkulima hapaswi kuliomba. Goti lilipona, ingawa ngazi bado zilimsumbua. Presha yake ilishuka, na daktari alimsifu hadi akaona haya. Alipenda bomba la jikoni, akawa analifungua na kulifunga kwa heshima, na alipenda kanisa kuwa karibu, ingawa alisema mhubiri wetu anapigia kelele watu ambao wamekaa mbele yake. Lakini mchana alikuwa anakaa kwenye kiti barazani, mikono mapajani, akilitazama geti. Nilikuwa nikirudi namkuta hivyo, na moyo unaniuma. Mama yangu, ambaye Nunguni hawezi kumaliza kikombe bila mtu kupita na kumwamkia, alikuwa amekaa kwangu kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.

Kitu kimoja tu hakukiacha, nacho ni kufagia. Alfajiri, kabla ndege hawajaamka sawasawa, ungesikia ufagio wa vijiti ukikwaruza uwanjani, shwa, shwa, shwa. Uwanja wetu umetandikwa matofali ya kabro na vumbi lenyewe halikuwa la kutisha, lakini kwake mwanamke ambaye hajafagia hajaamka. Mtu mmoja wa mtaa akaandika kwenye grupu ya majirani, akiuliza kwa adabu kali ni nani anayefagia kabla ya kuku kuwika. Nikajifanya sijui kusoma.

Ndipo zikaja nepi. Mwaitu aliziona juu ya ukuta, zimeanikwa kwenye kamba ya jirani wa geti jeusi, nyeupe na ndogo. Nilipofika jioni alikuwa amesimama akinisubiri, na hakuwa na tabasamu.

"Pale kumezaliwa mtoto."

"Nafikiri hivyo, Mwaitu."

"Unafikiri? Nani amekwenda kumwona?"

Nikamweleza ninachokijua. Yule ni mama kijana kutoka pande za Nyeri. Mume wake ana duka la vipuri mji wa Emali, huja Jumapili tu. Hatujaitwa, na watu wa mtaa wetu hawaendi kwa mtu bila kuitwa. Geti lake hufungwa kutwa, kwa hivyo pengine hapendi watu.

"Na letu hufunguliwa saa ngapi?" akauliza, akaingia ndani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nikamkuta kwenye ploti ya jirani ambayo haijajengwa, panga mkononi, anakata matawi makavu ya mgunga. Alikuwa ametoa kwenye begi lake mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wetu hupitisha kichwani wakibeba mzigo mgongoni. Alikuja nao Wote bila kuniambia. Kwetu mtoto akizaliwa wanawake hupeleka kuni na uji, ili mama mzazi asihangaike na moto.

"Mwaitu, nyumba ile wanapikia gesi!"

"Gesi ni ya kupikia," akasema bila kugeuka. "Kuni ni za kumwona mtoto."

Mke wangu alikuwa tayari jikoni anapika uji, anajifanya hanioni nikimtafuta kwa macho. Nikashikishwa chupa ya uji. Nikaambiwa kazi yangu ni kubonyeza kengele, halafu nisimame kando, kwa sababu hayo si mambo ya wanaume. Tukatoka hivyo, mama yangu ameinama chini ya mzigo, mke wangu na sufuria ya isyo, yale mahindi na maharagwe yaliyokuwa yamekaa motoni tangu jana, na mimi nyuma nikitazama chini. Wa geti la simba alipita na gari lake, akapunguza mwendo. Niliona aibu, sikatai. Nilijiona kama mtu anayepeleka jembe benki.

Nikabonyeza kengele. Mbwa akabweka. Sauti ikatoka ndani, "Nani?"

"Ni sisi," Mwaitu akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Tumekuja kuona mtoto."

Geti likafunguka kidogo, kisha lote. Mama kijana mwenyewe, msichana tu, alikuwa amevaa leso, nywele hazijachanwa, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akamtazama mama yangu, akazitazama kuni, akaweka mkono mdomoni na kulia. Alilia kwa sauti, mbele yangu na mbwa wake.

"Lia baadaye," Mwaitu akamwambia. "Saidia mimi kwanza, hii mzigo ni nzito."

Nilisimama kando kama nilivyoagizwa, lakini masikio hayasimami kando. Msichana alikuwa akisema kwamba mama yake mzazi alishafariki. Kwamba hata kwao wamama huja na kuni, na tangu atoke hospitali amekuwa akisikiliza geti. "Nilifikiria watu wa huku hawanitaki," akasema. Mwaitu akamjibu, "Hawa watoto wangu walisema wewe ndio hutaki watu." Mke wangu akacheka kwa aibu. Mimi nikaanza kumsifu mbwa.

Kuni zile hazingeingia kwenye jiko la gesi, kwa hivyo Mwaitu akapanga mafiga matatu nyuma ya nyumba, akawasha moto, akachemsha maji ya kumwogesha mtoto. Tangu siku hiyo kiti cha barazani kikakaa bila mtu. Msichana naye akaanza kumwita Mwaitu kama sisi, na kwa lugha ya kwao neno hilo liko karibu hivyo hivyo. Chai yake pia ilikatika, nikashukuru kwamba si mimi peke yangu.

Nilidhani mambo yamekwisha kwa mara ya pili. Lakini mbaazi hukauka wakati wake. Binamu akapiga simu kusema ziko tayari, na Mwaitu akatoa begi lake chini ya kitanda. Nilimbembeleza, nikamkumbusha daktari, nikakasirika, nikaomba msamaha. Akasema alitoa neno lake na mimi nililisikia.

Asubuhi ya safari nilikwenda kupasha gari moto, na uwanja ulikuwa kimya. Mwaitu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu vya kanisani na kitambaa kichwani, begi miguuni. Hakufagia, maana mtu hafagii na nguo za safari. Nilimwona hivyo nikataka kulia kama mtoto mdogo. Nina umri wa kuwa na mvi na bado nilitaka kulia.

Nikiwa hapo mlangoni geti likapigwa. Halikubishwa kwa adabu, lilipigwa kwa viganja hadi maua yangu ya chuma yakatetemeka. Nikakimbia kufungua. Alikuwa ni yule msichana, mtoto mgongoni, kandambili mbili zisizofanana, anahema.

"Mwaitu ako sawa? Leo sijaskia akifagia."

"Ako sawa," nikasema. "Leo anarudi Nunguni."

Alikuwa akitazama nyuma yangu, nami nikageuka. Mwaitu alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia. Alimtazama yule msichana na zile kandambili zake. Kisha akakaa kwenye ngazi, polepole kwa sababu ya goti, akaanza kufungua viatu vya kanisani.

"Mwambie binamu yako avune," akaniambia. "Na ufagio wangu umeuweka wapi?"