Siri ya Mama Nambari Kumi na Saba

Chini ya kitanda cha Selpha, huko Mwihoko, kuna madaftari arobaini na matatu. Kijana wake, Jared, humpigia simu Jumapili kutoka Mombasa na kumwambia, "Mama, si upatie watu wa butchery hizo karatasi wafungie nyama?" Selpha hujibu kwamba siku moja zitahitajika. Kisha wanaongea habari za mvua.

Mwaka wa tisini na nne, profesa mmoja alimwajiri awahoji wanawake waliochuma kahawa mashambani Ruiru. Selpha alikuwa ametoka Busia, mgeni kabisa. Alienda shamba hadi shamba, akiketi na akina mama milangoni mwao na kuandika walivyoolewa, walivyoumia, walivyozika. Kila mmoja alipewa nambari badala ya jina, na wote aliwaahidi kutunza siri zao. Profesa alifariki kabla ya kuandika kitabu. Hakuna aliyekuja kuchukua madaftari. Selpha akapata kazi ya kupiga chapa insha za wanafunzi Kahawa Wendani, mibuni ikang'olewa, na gorofa zikaota mahali pake.

Mwaka jana mwezi wa nne, tangi la maji la ploti anamopanga lilipasuka na maji yakaingia chumbani mwake. Aliyapandisha madaftari juu ya gorofa, akayabana kwenye kamba za nguo. Jirani yake, Wangechi, akaja na beseni la nguo, akakosa pa kuanika. Walikuwa wameishi mlango kwa mlango miaka mitatu wakisalimiana tu.

"Auntie, hizi ni nini?"

Selpha akamweleza. Wangechi akatua beseni.

"Marehemu cucu yangu, mamake mathe, alichuma kahawa huko! Wamboi wa Njau. Alikuwa na jicho moja."

Selpha alimkumbuka papo hapo. Nambari kumi na saba. Alishusha daftari lake, bado lina unyevu, wakaketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Akasoma jinsi Wamboi alivyompiga nyapara kwa debe la kahawa, na jinsi alivyokataa kuolewa mara ya pili. Wangechi alicheka hadi akalia.

"Ni yeye kabisa! Aliongea hivyo hivyo."

Ukurasa uliofuata ulihusu mtoto wa kwanza, ambaye Wamboi alimzaa peke yake kati ya mibuni, akamzika huko huko. *Hata watoto wangu hawajui. Andika, lakini usimwambie mtu wangu.*

Selpha akageuza kurasa mbili kwa pamoja, kama zilizogandana kwa maji.

"Ni hayo tu?" Wangechi akauliza.

"Ni hayo tu, mami."

Wangechi alizipiga picha kurasa alizosomewa. Kwa miezi michache alikuwa akibisha jioni na chapati mbili kwenye sahani, wakila pamoja. Mwezi wa nane alipata kazi kiwandani Thika, akahama. Aliyechukua chumba chake huondoka alfajiri na kurudi usiku. Selpha hajamwona uso.

Hajui kama alitenda haki. Mtoto yule angekuwa na zaidi ya miaka sitini sasa. Amelala mahali fulani chini ya nyumba za watu Ruiru, na anayejua kwamba aliwahi kuzaliwa ni Selpha peke yake.