Maneno ya Kuokoa Gesti ya Eedo

Barabara ya kuja Garissa ilikuwa ikiogopwa. Majambazi waliteka magari, na wageni waliozoea kulala mjini kabla ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Ifo sasa walipita mbio pamoja na msafara wa polisi. Vyumba vya gesti ya eedo vikabaki vitupu.

Eedo ni shangazi kwa Kisomali. Ndivyo nilivyomwita mjane aliyenipokea nilipoletwa kutoka bara kuwa mpigachapa katika ofisi moja mjini. Ofisi yetu ilipofungwa, alinibakisha nimpokelee simu. Gesti ikifa, nami sina pa kulala.

Siku moja shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuja na uamuzi: mwezi ukiisha, vyumba vinageuzwa ghala la unga. Alipotoka, eedo aliketi mkekani, akashika kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, "p" ikigeuka "b".

"Binti yangu, nyumba hii marehemu alijenga na mkono yake. Mimi nitaenda wabi?"

Mpwa wa eedo alikuwa Nairobi, akifanya kazi ya kompyuta. Alijitolea kuiweka gesti kwenye mtandao, watu wa misaada waione hata wakiwa Ulaya. Alichohitaji ni maneno tu. Niliyaandika kwa Kiingereza changu cha chuo cha uhazili: ukarimu wetu wa tangu zamani, mandhari ya mto Tana, fahari ya kumhudumia mgeni mtukufu. Kurasa mbili. Nikazituma, nikakaa karibu na simu.

Haikulia. Mpwa alitueleza kwamba watu walikuwa wakifungua ukurasa, kisha wanaondoka. Nilianza kunyanyua mkono wa simu kuhakikisha laini haijakatika. Eedo alikuwa akiswali, akimaliza ananitazama, nami natazama chini.

Hatimaye mwanamke mmoja akapiga. Muuguzi, anaelekea Ifo.

"Nimesoma yote," alisema, "lakini sijui kama mwanamke peke yake anaweza kulala hapo. Lango linafungwa? Maji yapo?"

Nikamjibu yapo, linafungwa. Akashukuru, akasema ameshapata mahali pengine.

Nilimweleza eedo huku nikilia. Hakunifariji.

"Wallahi, mtu anaogoba njia, wewe unamwambia mto ni mzuri! Mwambie ile kitu anaogoba."

Nikakaa na kufuta. Kila sentensi niliyoipenda niliikata. Yalibaki haya: Tuko Garissa mjini. Lango hufungwa jioni, mlinzi yupo. Maji yapo. Wanawake wana upande wao. Msafara wa Ifo hupita karibu nasi asubuhi. Piga simu, tukuwekee chumba. Nikamsomea mpwa kwa simu, naye akauliza, "Basi?" Nikamwambia basi.

Mwezi uliisha, na magunia ya unga yalianza kuingia kabla simu haijalia. Wapagazi walikuwa wakitoa vitanda nje uani, eedo akiwaomba wangoje kidogo, ndipo ikalia. Daktari na wenzake, vyumba vitatu. Nilirudia maneno yake kwa sauti ili eedo asikie.

Alimwendea shemeji yake pale pale langoni. Walibishana kwa Kisomali muda mrefu. Mwishowe upande wa nyuma ukawa ghala, wa mbele ukabaki wetu. Daktari alipofika, alikuta vumbi la unga kila mahali. Akauliza kama maji yapo. Eedo akamletea ndoo yeye mwenyewe.